Mbao, randa na vanishi za kuundia gitaa: chungulia ukingoni kabla hujalipa

Gitaa halijafikisha mwaka, tayari daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi, limenyanyuka kwa nyuma na karatasi inapenya chini yake. Mwenyewe analaumu gundi. Basi ling'oe, uligeuze, utazame tumbo lake. Likiwa safi, gundi kweli ilishindwa. Likiwa limebeba manyoya ya mbao ya uso, yaani ubao wa mbele wa gitaa, gundi ilishika barabara. Mbao ndiyo iliyoachia. Lalamiko hili la pili linajirudia sana, na klampu hailitibu, maana kosa lilinunuliwa pamoja na ubao.

Habari za rangi, ukaribu wa mistari na mlio wa ubao ukigongwa umeshazisoma kwingine. Swali lisiloulizwa ni hili: nyuzinyuzi za mbao zimelala sambamba na uso wa ubao, au zinazama ndani na kutokea upande wa pili? Tuuite mchomoko. Hutokea mti unapokua kwa kujisokota, au msumeno unapofuata unyoofu wa gogo badala ya kufuata nyuzinyuzi. Na mistari ya miaka iliyonyooka kama rula haithibitishi lolote. Ile ni mipaka ya pete za ukuaji. Haikuambii nyuzinyuzi zinaelekea wapi ndani ya unene.

Piga hesabu. Uso wenye unene wa mm 3 na mchomoko wa 1 kwa 12 una nyuzinyuzi zinazotoka juu hadi chini ndani ya mm 36, karibu sawa na upana wa daraja lenyewe. Nyuzi sita nyepesi za chuma zinavuta kwa kiasi cha kilo 70. Daraja limekaa juu ya vipandevipande vifupi na linavutwa kuelekea kwenye shingo, vitabanduka. Mchomoko ukiwa 1 kwa 50, unyuzi mmoja unasafiri mm 150 kabla haujatoka. Huo ni msingi.

Kuupima si kazi. Chukua masalio ya pembeni yenye unene wa mm 4, simamisha patasi kwenye kichwa cha ubao, katikati ya unene, sambamba na uso, kisha gonga taratibu. Ufa ukitokeza usoni baada ya mm 24, una 1 kwa 12. Ukifika mm 100, nunua. Huruhusiwi kupasua? Dondoshea tone la wino mwepesi kwenye ukingo mrefu: wino hukimbia kufuata nyuzinyuzi na kukuchorea pembe yenyewe. Vipande viwili vilivyofunguliwa kama kitabu ni rahisi zaidi. Weka taa upande mmoja, tazama, kisha zungusha ubao nusu mzunguko. Nusu moja ikiwa nyeusi na nyingine nyeupe, halafu zikabadilishana, mchomoko upo. Ubao wa hivyo utakusumbua hata kwenye randa, kwani kila nusu inataka kurandwa kinyume cha mwenzake, na ukivuka kiungo unachimbua.

Kwa uso, namba moja ni msprusi, mti wa jamii ya misonobari, wa Sitka (Picea sitchensis), lakini uliopasuliwa kwa kabari kabla ya kufika kwenye msumeno. Miti yake ni minene, hivyo nusu ya uso, mm 210 kwa 560, hupatikana bila kuunga. Chukua unene wa mm 4 hadi 4.5, kazi ya randa itakula iliyobaki. Namba mbili ni msprusi wa Ulaya (Picea abies), mwepesi kidogo na wa sifa nyingi, ila sehemu ya bei yake ni jina tu. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni ningeupandisha juu ya Sitka. Tatu, mwerezi mwekundu (Thuja plicata): takriban kilo 370 kwa mita ya ujazo, laini kiasi kwamba kucha inaacha alama. Hupasuka vizuri, na mara nyingi mchomoko wake ni mdogo, lakini nyuzinyuzi zake hung'oka upesi, kwa hiyo uache mnene zaidi kidogo. Plaiwudi ni ya kujifunzia kuunganisha.

Hapa ndipo wauzaji wanapochefua. Hizo herufi A, AA na AAA hazisimamiwi na yeyote. Kila muuzaji anapanga kwa macho yake, na herufi huongezeka kwa wingi wa mistari na usawa wa rangi. Ubao wa AAA unaweza kuwa na mchomoko wa kutisha na bado ukauzwa mara tatu ya ule mnyoofu wenye doa. Picha hupigwa mbao ikiwa imeloweshwa ili rangi iwake. Ya ukingo haipo kamwe. Omba picha mbili, ubao mkavu, taa ileile, ukiwa umezungushwa. Akikataa, amekujibu.

Mgongo na mbavu hazina makuu: mkangazi au mninga, ukiwa umekauka hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ubao wa vidole ni mpingo (Dalbergia melanoxylon), mgumu na mzito kupita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Utanoa kila baada ya dakika chache. Kumbuka tu kwamba karibu jamii yote ya Dalbergia iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017. Gitaa lililokamilika lilisamehewa 2019, ubao mbichi haukusamehewa, na muuzaji wa nje husahau kutaja kibali hadi mzigo uzuiliwe.

Kwenye zana nina upendeleo na siuombei radhi: randa ndogo ya Veritas ambayo kitanda chake, pale kisu kinapolala, kina pembe ya digrii 12. Upande wa kisu ulionolewa unatazama juu, kwa hiyo kisu kilichonolewa kwa digrii 25 kinakupa pembe ya 37, na ukiweka cha 38 unapata 50, ile inayokata msprusi wenye mchomoko bila kuuchimbua. Randa moja, tabia mbili. Za bei rahisi zinataka siku nzima ya kunyoosha tako, yaani upande wa chini wa randa. Ongeza kalipa ya unene na msumeno wa kukatia mifereji ya freti, vile vichuma vya ubao wa vidole, wa mm 0.58. Gundi, Titebond Original ya nembo nyekundu. Ile isiyopenywa na maji haifai, kwani hutambaa ikivutwa muda mrefu.

Vanishi ya uso ni shelaki, gramu 120 za vigaga kwa nusu lita ya spiriti. Nunua vigaga, maana iliyokwisha kuyeyushwa huzeeka na kugoma kukauka. Haipendi jasho, hivyo shingo ipake Tru-Oil, mafuta ya kupaka mbao, na vitambaa vyake uvitandaze vikauke. Vikirundikwa huweza kujiwasha moto. Laka inadai bomba la kupulizia na wiki za kungoja. Polyurethane sigusi. Vyovyote utakavyopaka, kwangua mahali pa daraja hadi mbao tupu, ukiishia nusu milimita ndani ya alama.