Injili ya Luka ya nukta nundu mikononi mwa seremala

Juzuu ninayoitathmini ni Injili ya Luka ya Kiswahili iliyochapwa kwa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, ambayo niliiazima kanisani kwetu kwa miezi minne. Ninawaandikia hasa wale waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa watu wazima kama mimi, wanaojiuliza kuna haja gani ya kuhangaika na karatasi ilhali Biblia ya kusikiliza ipo kwenye simu.

Kitabu chenyewe ni kikubwa na kizito. Injili ambayo katika Biblia ya kawaida huchukua kurasa chache nyembamba hapa inajaza juzuu nzima, na Biblia kamili ya namna hii huhitaji rafu ya makumi ya juzuu. Karatasi yake ni ngumu mfano wa manila, nayo haipendi kulazwa chini ya mzigo, kwa kuwa nundu hubonyea. Isimamishwe wima, mahali pakavu, na msomaji asiishike akiwa na mafuta mikononi. Lawama yangu kwa walioitengeneza ni kwamba jina la kitabu kwenye jalada limeandikwa kwa wino peke yake, kana kwamba anayekitafuta rafuni atakuwa mtu anayeona.

Kujifunza kulinichosha. Vidole vilivyosukuma randa kwa miaka zaidi ya 20 vina sugu, na kila herufi ni nafasi ya nukta 6 zinazotoshea chini ya ncha ya kidole kimoja. (Louis Braille, aliyebuni maandishi haya, alizaliwa mwaka 1809 na akaumia jicho akiwa mtoto kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi, sisi mafundi tuna deni naye.) Lakini polepole hiyo ndiyo iliyonifaa. Kwenye simu, kisa cha mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini, katika sura ya 5, hupita kabla chai haijapoa. Kwa kidole kilinichukua jioni nzima, na kwa mara ya kwanza niliona mpangilio wake: Yesu anamsamehe mtu yule dhambi zake kwanza, angali amelala kitandani, na habari ya kusimama na kutembea inakuja baadaye, baada ya mabishano na waandishi.

Nimewahi kuombewa na wahubiri watatu, na wawili kati yao waliniambia kwamba kinachozuia macho yangu kufunguka ni dhambi niliyoificha. Macho yangu yaliharibiwa na presha ya macho, ugonjwa ambao matone hulinda uwezo uliobaki wa kuona bila kurudisha uliokwisha kupotea. Wahubiri hao walikosea kuhusu macho, ila dhambi nilikuwa nayo kweli: matone niliyapuuza mwenyewe kwa sababu nilikuwa sisikii maumivu, kisha kwa miaka 6 nikamlaumu mama watoto kwamba hakunikumbusha, ingawa alinikumbusha hadi akachoka.

Kasoro kubwa ya nakala hii iko katika kisa hicho hicho cha mwenye kupooza, aya ya 20. Neno "umesamehewa" limeangukia mwisho wa mstari, mahali ambapo vidole vya waliotangulia vimesugua sana, na nundu za "wa" zimelala kabisa. Nilisoma "umesamehe". Nikarudia mara tatu, nikabaki nimekishikilia kidole pale pale, kwa sababu neno hilo halikuwa kweli kwangu. Nilimwita mke wangu anisomee katika Biblia yake ya wino. Akasoma, akanisahihisha, nami nikamwomba radhi kwa ajili ya matone. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini nilingoja hadi leo. Jibu sikuwa nalo.

Kwa anayetaka kusikiliza tu wakati wa kazi, simu inamtosha, tena ni nyepesi na familia nzima husikia. Anayetaka kukaa na aya moja aazime juzuu hii, awe na mwalimu, na asijipangie kumaliza upesi.

Kabla ya kuirudisha niligeuza ule ukurasa, nikaweka kitambaa chini yake, nikazibonyeza upya nukta za "wa" kutoka nyuma kwa kalamu ya nukta nundu. Mkono wa seremala ni mzito. Herufi hizo mbili sasa zimeinuka kuliko zote katika ukurasa, na msomaji anayefuata atazigundua.