Tahadhari: unga wa kijani wa "dawa ya mgongo" unaouzwa Lamu

Ndugu zangu wa Langoni, Mkomani na Shela, kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba na unga wa kijani, akisema unatibu mgongo, magoti na baridi yabisi. Ana maneno matamu, na kila mama mtu mzima humwita "mamangu". Msinunue.

Mamangu mzazi huu ni mwaka wa sita anaumwa mgongo. Alianza na kijiko kimoja cha chai, akikoroga kwenye chai ya tangawizi kwa sababu unga ule ni mchungu kama shubiri. Wiki ya kwanza alipanda ngazi mpaka juu bila kushika ukuta, tukamshukuru Mungu. Mwezi wa pili kijiko kimoja hakikumfaa tena, vikawa vitatu. Bei nayo ikapanda kutoka shilingi 500 hadi 1,500, pakiti ni ile ile. Siku muuzaji aliyokosa kuja, mama alikesha: jasho, kamasi, machozi, kuharisha, miguu haitulii kitandani. Tukadhani malaria. Akapimwa, hana.

Daktari ndiye aliyeuliza anatumia nini kingine, akataka kuiona pakiti. Haina jina la mtengenezaji wala tarehe, ila nyuma, kwa herufi ndogo, imeandikwa "kratom". Ni majani ya mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Yana mitraginini, ambayo hushika ubongoni pale pale inaposhika mofini, ile dawa kali ya maumivu, ndiyo maana maumivu hupoa, na ndiyo maana mwili ukishazoea huidai. Muuzaji alituapia kwamba ni majani tu, hayana kemikali. Jamani, hata afyuni ni utomvu wa mmea! Na unga wenyewe huenda ukawa mchafu: Marekani, mwaka 2018, watu 199 waliugua salmonela, maradhi ya bakteria yanayoharisha, iliyohusishwa na bidhaa za kratom.

Linalonitia hofu zaidi ni wazee wanaomeza tramadoli, dawa ya maumivu, au vidonge vya usingizi. Wakichanganya na unga huu, pumzi inaweza kukatika wakiwa wamelala, na wa kuwaamsha hayupo.

Aliyekwisha kuzoea msimfokee, wala asione haya. Aende hospitali na pakiti mkononi, aseme ukweli anatumia vijiko vingapi. Mama sasa anapunguziwa kidogo kidogo chini ya daktari, na juzi alilala mpaka alfajiri.

Muuzaji ameonekana tena Jumanne karibu na jeti. Pakiti amebadilisha, sasa ni nyekundu. Unga ni ule ule.