Kushusha Hilux ya zamani: nunua nini, acha nini, na kile kivalvu ambacho wauzaji hawakitaji

Mwaka huu mvua za masika zilinikuta nateremka Kimara kuelekea Ubungo. Gari tupu, mwendo wa kawaida, daladala mbele yangu ikasimama bila taarifa, kama kawaida yao. Nikakanyaga breki. Tairi za nyuma zikafunga, mkia wa pikapu ukaanza kunipita, na nilipotulia nilikuwa nimekaa mshazari barabarani, natazama mtaro. Konda wa daladala akanipigia makofi.

Pikapu yangu ni Hilux LN85, ile ya dizeli yenye injini ya 2L, inayosukumwa na tairi za nyuma tu. Napika kwenye shughuli za watu, na sufuria la pilau halipandi bodi lenyewe. Nilitaka gari lishuke inchi mbili tatu ili vijana wangu wasinyanyue mizigo hadi kifuani. Na tusidanganyane, nilitaka pia lichuchumae kidogo. Hilux iliyochuchumaa ina heshima yake.

Nikaenda duka moja pale Gerezani, nikauziwa bloku za inchi tatu, vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, kwa laki moja na ishirini, na maneno matamu juu: "Mama, hizi unafunga unasahau." Wiki tatu baadaye nikapigiwa makofi Kimara.

Kwa hiyo leo sitakueleza gari gani litapendeza likishuka, wala rimu gani inakaa vizuri. Hayo unayaona mwenyewe kwa macho. Nitaanza na kitu ambacho muuzaji hakukigusa, na fundi aliyefunga hakukigusa, na mimi nilikuwa sijui kama kipo.

Ingia chini ya Hilux ya zamani, upande wa nyuma. Utaona mabomba ya breki yanaingia kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesesi, na kutoka hapo kuna mkono mwembamba wa chuma unaoshuka hadi kwenye ekseli. Nissan Hardbody nyingi nazo zina kitu cha namna hiyo. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, chesesi inashuka kuikaribia ekseli, ule mkono unasukumwa juu, na valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi, maana sasa kuna uzito wa kuzikandamiza tairi zishike lami. Ukishusha mzigo, inabana tena.

Sasa wewe ukishusha gari kwa bloku, chesesi imeikaribia ekseli moja kwa moja. Valvu haijui habari za urembo. Inaamini umebeba tani ya saruji asubuhi, mchana na jioni, na inapeleka nguvu zote nyuma wakati bodi ni tupu. Kwenye lami kavu unaweza usigundue kwa miezi. Mvua ikinyesha, tairi za nyuma zinafunga kabla ya za mbele, na gari ambalo nyuma imefunga kwanza linageuka. Magari haya mengi hayana ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge, wa kukuokoa.

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi. Pale mkono unapofungwa kwenye ekseli, weka kibati cha kuuteremsha kwa kipimo kilekile ulichoshusha gari. Umeshusha inchi mbili, kibati kiteremshe inchi mbili, ili mkono urudi kwenye pembe yake ya mwanzo. Mchomeleaji anakitengeneza wakati unakunywa chai. Kisha nenda uwanja mtupu na fundi wako, mwendo mdogo, bodi tupu, kanyaga breki kwa nguvu, na mtu asimame pembeni kwa mbali atazame. Za mbele lazima zifunge kwanza. Zikifunga za nyuma, rudi chini ya gari. Na fundi atakayekwambia "hiyo valvu tuitoe tu, haina kazi", mshukuru, chukua funguo zako, uondoke.

Haya, sasa manunuzi, kuanzia ninachokiamini.

Namba moja kwangu ni kushuka inchi mbili tu nyuma kwa bloku za chuma zilizochongwa vizuri, yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli), kibati cha valvu, na shokapu za KYB. Mimi ni mtu wa KYB, sifichi na sitafuti udhuru. Ni Wajapani, Toyota wenyewe wanazichukua kiwandani, na gari la umri huu linazipokea kama ndugu. Chukua aina yao ya Excel-G. Watu watakusukumia Gas-A-Just kwa sababu ni ngumu zaidi na bei imechangamka, lakini pikapu tupu iliyoshushwa tayari inarukaruka kwenye matuta, usiiongezee ukorofi. Ukizidi inchi mbili, shokapu ya urefu wa kawaida inakuwa imeshabonyea kabla hujaondoka nyumbani na utahitaji fupi, ambazo kwetu kuzipata ni safari. Ndiyo maana nasema inchi mbili. Zile tatu zangu nimezitoa.

Kabla hujalipia bloku, lala chini utazame ekseli imekaaje. Kwenye Hilux ya chini kama yangu, ekseli iko juu ya springi, kwa hiyo bloku ikiingia katikati gari linashuka. Kwenye ile ya kuvuta tairi nne, springi ndiyo iko juu ya ekseli, na bloku hiyohiyo italipandisha. Kuna mtu nimemwona kwa macho yangu analipia bloku za kushushia gari, akaondoka na gari refu kuliko alivyokuja, na muuzaji akamwambia litakaa sawa likizoea.

Bloku iwe na tundu chini na pini juu, vinavyokaa sawasawa na senta bolti, ile inayobana majani ya springi katikati. Usipange mbili moja juu ya nyingine. Yubolti za zamani usirudishe: urefu hautoshi na uzi umeshachoka. Na kama propela shafti yako ni vipande viwili, sikiliza mtetemo unapoondoka taratibu na mzigo. Ukiusikia, pembe ya difu imeharibika na unahitaji bloku zilizochongwa mshazari kidogo.

Mbele, usinunue kitu. Nasema tena, usinunue kitu. Hilux hizi mbele hazina springi za kuzunguka, zina tosheni baa, vile vyuma virefu vinavyojikunja kama kamba. Kimo chake kinapangwa na bolti ya kurekebishia iliyo mwisho wa kila baa. Pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, weka alama ya rangi kwenye bolti, nyanyua gari kwenye stendi, legeza mizunguko sawa kulia na kushoto, shusha, lisukumesukume, pima tena. Inchi moja, moja na nusu, basi. Ukizidi hapo, wishiboni, yaani mikono inayobeba tairi za mbele, inakalia raba za kugongea na kila shimo unalisikia kwenye meno. Ukimaliza, alaimenti siku hiyohiyo, maana tairi zitakuwa zimeinama kwa ndani na zitaliwa upande mmoja. Jirani yangu aliuziwa "kiti ya kushushia mbele", yaani seti ya vifaa. Kufungua boksi, ni tosheni baa mbili zilizotumika, zimepakwa rangi nyeusi. Alilipa laki tatu kwa kazi ya spana moja.

Namba mbili ni fundi springi mwenye mashine ya kubana, anayepunguza mkunjo wa majani ya springi bila moto. Hii napenda kwa sababu ekseli inabaki ilipozaliwa, haina kipande cha chuma katikati. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja: baada ya miezi ya kubeba maji na kuni, springi zinaendelea kulala zenyewe, na kibati cha valvu ulichopima kinakuwa si sahihi tena.

Namba tatu ni kuagiza vifaa vya Marekani. Kule Hilux waliiita Toyota Pickup tu, na vijana wa California walianza kuzilaza miaka mingi kabla sisi hatujafikiria. Belltech na DJM ni majina makubwa katika kazi hiyo. Uzuri wa vifaa vya kule uko mbele: kuna vyuma vya kubebea tairi vilivyochongwa upya ili tairi ipande na gari lishuke huku wishiboni zikibaki kwenye pembe yake. Kazi safi kabisa. Lakini ukijumlisha usafiri na ushuru, umeshalipa nusu ya bei ya gari, na kama kipimo hakikuingia hakuna wa kumrudishia.

Kutoa majani ya springi: hapana, springi zitajikunja na ekseli itajizungusha kila ukiondoka na mzigo. Kuchoma springi kwa gesi: hapana kubwa zaidi, chuma kinapoteza ugumu na siku moja kinakatika njiani.

Sasa niongee na wauzaji. Nilipoenda kununua KYB zangu, duka la kwanza waliniambia bei moja. Nikamtuma kijana wangu wa jikoni, ana kofia ya Simba na hajui shokapu inakaa wapi. Akapewa bei pungufu kwa elfu arobaini, boksi lilelile, rafu ileile. Duka la pili walinionyesha boksi la KYB, ndani shokapu haina namba iliyogongwa kwenye mwili, na stika inatoka ukiikwaruza na kucha. Nikauliza namba iko wapi. "Hizi ni za Dubai, mama, za Dubai hazina." Nikamwomba anifungulie boksi jingine. Akasema yamebandikwa gundi hayafunguliwi dukani, na akawasha feni ili nisiendelee kuongea.