TAHADHARI: ukiambiwa "betri ya haibridi imekufa" kabla mita ya kupima betri haijatoka, shika hela yako

Jamani wenye magari ya maildi haibridi (yale ya mafuta yanayosaidiwa na mota ndogo ya umeme) someni hii, mimi nimeshapigwa, sitaki na mwingine apigwe.

Juzi asubuhi nawasha gari, kimya. Dashibodi inawaka taa hafifu inazima, mbele huko nasikia tik tik tik basi. Usiku mlango wa nyuma haukufungwa vizuri, taa ya ndani ikakesha. Nikatafuta fundi mtandaoni nikampata mmoja anayejitangaza kwamba anabusti (anawasha gari kwa umeme wa betri nyingine) na kuuza betri za haibridi, akaja haraka kweli, mpole, "dada yangu usijali". Akabana waya za busta yake, akaniambia haya washa, kimya, tena, kimya. Akatikisa kichwa, dada yangu hapa betri ya haibridi imekufa, ukilazimisha kubusti utaunguza kompyuta ya gari, nipe advansi nikakuletee nyingine leo leo. Nikatoa. Akataka na ile ya zamani aifungue aondoke nayo eti akaipime, nikamwambia utaitoa ukileta mpya. Kaondoka, simu ikawa haipokelewi.

Jioni shemeji akaja na fundi mwingine, mtu mzima. Hata boneti hajafungua anauliza, "yule alibana wapi?" Nikamwonyesha. Kibanio chekundu alikibana juu ya taminali (kichwa cha betri) iliyojaa ukoko mweupe, cheusi kwenye chuma chenye rangi, na alama za meno ya kibanio zipo pale pale juu ya rangi, chuma chenyewe hakijaguswa. Umeme ungepita wapi? Akapima betri ya kawaida ya volti 12, mita ikasoma 9.4. Iliyojaa inatakiwa iwe 12.6 hivi kwenda juu. Akasugua taminali, akabusti upya, akasubiri dakika kama tano, gari ikawaka! Mita ikapanda hadi 14.2 injini ikiwa inanguruma, akaniambia mama hiyo ndiyo dalili kwamba haibridi yako nzima, maana gari kama hii haina altaneta (jenereta ya kuchaji betri) ya volti 12, chaji inatoka mfumo wa volti 48 inashushwa na kibadilishi ndipo inaingia kwenye betri ndogo. Nilitaka kulia. Betri niliyotaka kubadilishiwa ndiyo ilikuwa inachaji ile iliyolala, na mwenzenu nusura nimkabidhi tapeli betri nzima akaiuze.

Sasa elewa hapa ndo wanapotupigia. Gari hizi zina betri mbili. Nyingi zina ya volti 48 ya lithiamu, halafu na ya 12 ya kawaida (zipo kama baadhi ya Suzuki ambazo hata ile ya lithiamu ni volti 12). Ya kawaida ndiyo inaamsha kompyuta na swichi kubwa inayoruhusu umeme wa ile nyingine utoke, kwa hiyo ikilala, hata kama ya 48 imejaa, gari haiamki. Muulize fundi yeyote: ya 12 inasoma ngapi? Akianza kuzunguka maneno, achana naye.

Na kama unabusti mwenyewe, fungua kitabu cha gari uone sehemu ya kubana, kuna magari betri iko kwenye buti lakini taminali za kubustia ziko mbele. Chekundu kwenye chanya ya betri ya 12 iliyolala, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima ya gari lingine, cheusi hasi ya betri nzima, cha mwisho kwenye chuma kitupu cha injini au bodi ya gari iliyolala, siyo kwenye hasi ya betri yake kwa sababu nyingi zina kisensa hapo. Ile ya 48 usiiguse kabisa, usibane waya wowote hapo. Na lori la volti 24 usikubali hata dereva akiapa, hapo ndo kompyuta inaungua kweli.

Jana yule tapeli kanipigia kwa namba nyingine, hana hata aibu, anasema betri imepatikana nimalizie hela na nimwandalie ile ya zamani. Nikamwambia gari inatembea, akakata. Namba anabadilisha ila maneno ni yale yale, "dada yangu usijali", na mita hana.