EURAXESS: miezi minane nikisaka nafasi ya uzamivu wa fizikia

Nilimaliza shahada ya uzamili pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikiwa nimeshughulikia tando nyembamba za titani oksidi za seli za jua. Kutafuta pa kufanyia uzamivu nilianza vibaya. Wakala mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji alinitoza shilingi 15,000 kwa orodha ya skolashipu kumi. Nilipoikagua nyumbani, sita zilikuwa zimeshafungwa kitambo, na nne zilizobaki yeyote mwenye simu angeziona bila kulipa. Pesa zile tulikuwa tumezichanga tulipie karo ya mdogo wangu. Zinaniuma mpaka leo.

Nilichokuja kukitegemea ni EURAXESS, tovuti ya Tume ya Ulaya inayotangaza kazi za utafiti. Hulipi chochote. Chagua fizikia au uhandisi, halafu uchague R1, yaani watafiti wa hatua ya kwanza ambao bado hawana uzamivu. Ukiisahau R1 utazama kwenye matangazo ya watu waliokwisha kubobea.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nikiandika "skolashipu" kila mahali, kumbe Uholanzi, Uswidi na Norwe mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa: ana mkataba, ana mshahara, analipa kodi. Basi lile ni tangazo la kazi, lenye mradi wake na msimamizi wake, na barua yako inapaswa kuujibu mradi huo. Barua zangu nne za kwanza zilikuwa moja, nabadilisha jina la chuo tu. Zote zilikataliwa. Kabla ya kuandika ya tano nilisoma makala mbili za msimamizi kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi ambako pia kusoma ni bure, kisha nikaeleza jinsi nilivyopima unene wa tando zangu na kwa nini sampuli tatu zilipasuka nilipozichoma tanurini. Baada ya wiki tatu nikaitwa kwenye usaili wa video.

Nafasi za mitandao ya Marie Skłodowska-Curie, yaani vyuo na taasisi zinazoungana kufunza wanafunzi wa uzamivu kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, msiziogope. Wenzangu wengi wanadhani ni za Wazungu, lakini ziko wazi kwa raia wa nchi yoyote. Sharti linalowatisha ni kwamba usiwe umeishi, kusoma au kufanya kazi katika nchi unayoombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kwa aliyekaa Nairobi muda wote, sharti hilo halimgusi.

Angalieni pia saa. Tangazo likisema 23:59 za Brussels, wakati wa baridi yao hiyo ni saa nane kasoro dakika moja usiku kwetu. Mimi nilituma ombi la tano saa saba u nusu, stima imepotea mtaa mzima, betri ya kompyuta ikiwa asilimia 9, intaneti natoa kwenye simu ya mama.

Nafasi ile alipewa mwingine. Lakini msimamizi aliniandikia mwenyewe, akasema sehemu ya sampuli zilizopasuka ndiyo iliyowafanya waniite, na kwamba mradi mwingine unafunguliwa Septemba. Barua ya kuombea mradi huo nimeshaianza.