Kibodi ipi ununue Dodoma ukiwa na elfu hamsini au chini ya hapo

Wengi wanaonunua kibodi mjini hapa hawanunui kwa kupenda. Ya zamani imekufa vibonye viwili vitatu, au laptopu imemwagiwa chai na fundi ametaja bei ya kubadilisha kibodi ya ndani ambayo hailipiki mwezi huu, na kesho kuna ripoti ya fildi ya kupeleka. Kwa hiyo mtu anaingia dukani na haraka zake, muuzaji anamwekea mezani kitu kinachowaka taa za rangi saba, na hela inaondoka.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimezipanga kibodi kwa nafasi, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa Dodoma, kwa mfuko wa kawaida, kibodi ya waya isiyo na mbwembwe, ya kampuni inayojulikana, inazishinda nyingine zote. Bei nitakazotaja ni za kukadiria. Zinapanda na kushuka kwa duka, kwa msimu na kwa namna unavyojua kupatana.

Kwanza, vumbi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ardhi inakauka kwa miezi. Ikifika Julai na Agosti upepo unavuma, na kama ofisi yako iko Nkuhungu, Chang'ombe au Ng'ong'ona kwenye barabara isiyo na lami, unafuta meza asubuhi na saa sita mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kibodi inakaa wazi katikati ya hayo yote.

Ifungue kibodi ya kawaida ya ofisi uone ilivyo. Ukishatoa skrubu za chini unakuta raba moja pana yenye vichuguu vidogo, kila kibonye na cha kwake. Chini ya raba kuna karatasi tatu za plastiki zilizolaliana: ya juu na ya chini zimechorwa mistari myembamba ya kupitisha umeme, ya katikati ina matundu. Ukibonyeza A, kichuguu kinabonyea, karatasi ya juu inaigusa ya chini kupitia tundu, na kompyuta inasoma A. Basi, hakuna zaidi. Vumbi haliingii kirahisi katikati ya karatasi hizo. Linabaki juu, kwenye njia ambamo vibonye vinapanda na kushuka, na kazi yake ni kuvifanya viwe vizito au vikwame. Hilo linasafishika. Kinachoua ni chai, hasa yenye sukari: ikishapenya hadi kwenye karatasi, unyevu unaila ile mistari na sukari inabaki inanata.

Ndiyo maana siidharau kibodi ya raba, hata kama vijana wa magemu wanaicheka.

Nafasi ya kwanza: ya waya, mpya, ya ofisini

Hapa naziweka Logitech K120, Dell KB216 na za waya za HP za aina hiyohiyo. Zote zinaingia kwenye USB, hazihitaji kusakinishiwa kitu, na zina vibonye vya namba upande wa kulia. Andaa kama shilingi 25,000 hadi 40,000.

Kati ya hizo, nikiambiwa nichague moja, nachukua K120. Logitech wenyewe wanasema vibonye vyake vinahimili kubonyezwa hadi mara milioni 10, na imetengenezwa ihimili kumwagikiwa na kimiminika kisichozidi mililita 60. Zingatia kipimo hicho. Ni kama kikombe kidogo cha kahawa, si kikombe cha chai ya maziwa cha mama ntilie. Waya wake una mita 1.5, unatosha hata kama mashine iko chini ya meza.

Vibonye vya namba usivione ni mapambo. Kama unafanya kazi za uhasibu, unaingiza matokeo ya wanafunzi au unajaza fomu za watu stesheneri, namba za NIDA, za simu na za mtihani wa kidato cha nne kutwa nzima, utavihitaji kuliko unavyodhani. Msimu wa kuomba mkopo wa HESLB ukifika, anayechapa namba kwa mkono wa kulia bila kuangalia anamaliza foleni wakati jirani yake bado anatafuta 7 kwenye mstari wa juu.

Jambo jingine la kuangalia ni herufi zilivyochapwa. Kwa anayeandika Kiswahili, A ndiyo hufutika mapema kwa sababu hakuna herufi tunayoibonyeza kama hiyo. Pita juu yake na ukucha taratibu. Ukihisi kama stika iliyobandikwa, itatoka. Kama unajua kuchapa bila kuangalia haikuhusu sana, lakini kibodi ya stesheneri wanaigusa watu wengi.

Kuhusu feki: zipo, na zinavaa majina makubwa. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, usijipongeze kwanza. Geuza kibodi, soma lebo ya chini, angalia kama namba ya modeli iliyoko kwenye boksi ndiyo iliyoko kwenye kibodi, na kama maandishi yamenyooka. Halafu omba risiti ya EFD. Muuzaji anayeapa kwamba "bosi, hii orijino kabisa" huku anakwepa kutoa risiti, ameshakupa jibu.

Nafasi ya pili: ya mtumba, ila ya kampuni kubwa

Ukiwa na elfu kumi au kumi na tano, usikimbilie kibodi mpya isiyo na jina. Tafuta ya mtumba ya Dell, HP au Lenovo, zile nyeusi nzito zilizokuja na kompyuta za ofisi kutoka nje. Zilitengenezwa zipigwe kazi miaka mingi, na aliyeitumia kabla yako pengine alikuwa anaandika barua pepe tatu kwa siku.

Tatizo lake ni moja kubwa, nalo ni mpangilio wa herufi. Kibodi iliyotoka Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi. Ya Ufaransa imeweka A pale ilipokaa Q kwetu, na kwa mwandishi wa Kiswahili hayo ni mateso. Za Uingereza zina afadhali: herufi zote ziko mahali pake, ila Enta imesimama wima, kuna alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ imepishana na alama za kunukuu. Ukiichomeka kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani, kama zilivyo nyingi hapa, utabonyeza @ na itatokea alama ya kunukuu. Unaingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, unachagua Kiingereza cha Uingereza, yameisha. Ya Kijerumani na ya Kifaransa nazo unaweza kuzilazimisha zifuate mpangilio wa Marekani, ila maandishi juu ya vibonye yataendelea kukudanganya. Ziache.

Ukikuta yenye plagi ya duara ya zambarau, hiyo ni ya PS/2. Laptopu haina tundu hilo, na kompyuta nyingi mpya pia hazina.

Kabla hujalipa

Risiti nyingi zimegongwa muhuri wa "mali ikiuzwa hairejeshwi". Kwa hiyo upimaji ufanyike ukiwa bado na hela mkononi. Duka likiwa halina kompyuta ya kupimia, tumia simu. Beba ile adapta ndogo ya OTG ya bei ndogo, inayoipa simu tundu la USB, chomeka kibodi kwenye simu yako ya Android, fungua sehemu ya kuandika ujumbe, anza.

Usiandike sentensi. Sentensi ya Kiswahili haina Q wala X, kwa hiyo kibodi yenye Q mfu itapita mtihani wako na utaigundua nyumbani siku ya kuandika nywila. Pita mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, kila kibonye mara moja, halafu vya namba baada ya kuwasha Num Lock. Usisahau kibonye cha apostrofi; bila hicho ng'ombe wako wote watakuwa ngombe. Kisha bonyeza vile virefu, yaani Enta, Shift na kibonye cha nafasi, kwenye ncha zake na si katikati. Kibodi mbovu hujitambulisha hapo: kibonye cha nafasi kinazama upande mmoja na kubaki chini.

Mwisho shika waya pale unapoingia kwenye kibodi, uutingishe huku ukiandika. Taa ya Caps Lock ikizimika na kuwaka, rudisha.

Nafasi ya tatu: isiyo na waya, yenye mausi yake

Hapa watu wengi watanipinga, maana meza isiyo na nyaya inapendeza. Sikatai. Seti ya Logitech MK270 ni nzuri, ila kwa kawaida inavuka elfu hamsini, na zinazoingia ndani ya bajeti yetu nyingi hazina jina.

Kitu kinachozimaliza ni kile kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kuliko ukucha. Kwenye seti zisizo na jina kila kipokezi kinaielewa kibodi yake tu. Kikipotea hosteli, una plastiki mbili zisizo na kazi. Kuna za Logitech zenye alama ya nyota ya rangi ya chungwa, hizo unaweza kuzioanisha na kipokezi kingine chenye alama hiyohiyo. Ukizikuta kwa bei nzuri, zitangulize.

Betri nazo ni gharama. Zile za bei ya chini kabisa huvuja, na ute wake unaila chuma inapokaa betri. Nunua za alkalini, au toa betri kama unafunga chuo. Na kama herufi zinarukaruka, usiilaumu kibodi haraka: matundu ya USB 3, mara nyingi yenye rangi ya buluu ndani, yakiwa na flashi au diski inayofanya kazi huweza kuvuruga mawimbi ya GHz 2.4 ambayo kibodi hizi hutumia. Hamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta.

Nafasi ya nne: za Bluetooth za simu na tableti

Hizi ni ndogo, nyepesi, na zina wateja wake: mwanafunzi asiye na laptopu anayeandika asainimenti kwenye simu, au mwandishi wa habari anayekimbizana na vikao vya Bunge. Logitech K380 inaunganishwa na vifaa vitatu na unahama kwa kibonye kimoja, lakini bei yake imetupita. Za bei ya chini zinafaa kwa kazi fupi. Kuandikia utafiti wa kurasa 60 kwenye vibonye vilivyobanana hivyo, vidole vitalalamika.

Nafasi ya tano: mekanika

Kwa uzuri wa kuchapa, hizi zilipaswa kuwa juu kabisa. Kila kibonye kina swichi yake yenye springi, na watengenezaji hutaja uhai wa mibonyezo milioni 50 na zaidi. Zamani zilikuwa ghali mno. Hataza (haki za ubunifu) za Cherry, kampuni ya Ujerumani iliyojulikana kwa swichi hizi, zilipokwisha muda, viwanda vya China kama Outemu, Kailh na Gateron vikaingia kwa nguvu, na leo kitu kama Redragon K552 kinafikiwa na mtu wa kawaida akijibana. Hata hivyo, mpya kwa elfu hamsini hupati ya kuaminika, na swichi ikifa unaagiza Dar au China, kisha unasubiri mzigo stendi ya Nanenane.

Ukiamua kujibana, angalia rangi ya swichi. Za buluu zinapiga kelele, na chumba cha hosteli cha watu wanne hakitakusamehe usiku wa kuamkia mtihani. Nyekundu au kahawia zina adabu.

Za mwisho kabisa

Kibodi za taa zinazoandikwa kwenye boksi kwamba "zinahisi kama" mekanika. Mwombe muuzaji ang'oe kibonye kimoja. Ukiona raba, umeona kibodi ileile ya nafasi ya kwanza, plastiki yake nyepesi zaidi, na taa umezilipia wewe. Za silikoni za kukunja kama mkeka sizipi hata nafasi. Zinazuia vumbi kweli, lakini kila herufi unaisukuma kwa nguvu na bado nyingine hazitokei.

Na kwa aliyekuja na laptopu iliyoharibika kibonye kimoja kinachojibonyeza chenyewe: kibodi ya nje peke yake haitakusaidia, kwa sababu ile ya ndani itaendelea kuandika "ssssss" katikati ya ripoti yako. Mwombe fundi afungue laptopu na kuchomoa utepe unaounganisha kibodi ya ndani. Ila muulize kwanza kama kibonye cha kuwashia kipo kwenye kibodi hiyohiyo. Kama kipo, ukichomoa utepe hutaweza kuiwasha.