Mifupa dhaifu: kidonge cha kila wiki au sindano ya kila miezi 6?
Alendroneti miligramu 70, kidonge cha kila wiki, humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na hulali kwa nusu saa. Koo la chakula likiwa na shida, au figo zikiwa dhaifu sana, haifai. Hapo denosumabu, ile sindano, inashinda, kalsiamu ikipimwa kwanza. Ila sindano hiyo isicheleweshwe hata kidogo! Ukiiacha, mifupa hudhoofika upesi na pingili za mgongo huweza kuvunjika. Alendroneti hubaki mfupani, hivyo baada ya miaka 5 hivi daktari anaweza kukupumzisha kuitumia.

Zote mbili, kwa nadra, huhusishwa na kuvunjika kwa mfupa wa paja: maumivu mapya ya paja au kinena, mwambie daktari mapema.

Kliniki ikiwa mbali, ningeanza na kidonge. Mwenye figo dhaifu na uhakika wa tarehe, sindano.